Mizani ya Kuazima

Balaa lilianza na swali jepesi kabisa: Rahisisha 3x + 5 + 2x. Unapata 5x + 5, unaweka kalamu chini, unaenda kunywa uji. Sasa Darasa la Sita langu ndiyo hawajui kuweka kalamu chini. Nasahihisha, nakuta mtoto kafika 5x + 5 vizuri tu, halafu kaongeza = 0 anakokujua mwenyewe, kahamisha, kagawanya, mwisho kapiga mistari miwili chini ya jibu: x = −1. Nikamwita.

"Hii sawasawa umeitoa wapi?"

"Mwalimu, niliona imeishia hewani."

Madaftari zaidi ya arobaini yalikuwa hivyohivyo. Wengine walijumlisha kila kilichopita mbele yao wakapata 10x. Magazijuto (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) wanaiimba kama wimbo wa taifa, lakini ndiyo hivyo.

Nikaeleza kwa mdomo. Mtajo, yaani 5x + 5 peke yake, ni kama kusema "embe mbili na nazi." Hakuna wa kukubishia, maana hujasema kitu. Mlinganyo, ule wenye alama ya =, ni kusema "embe mbili na nazi ni shilingi elfu mbili." Hapo mtu anaweza kukwambia muongo wewe. Wakaitikia "ndiyooo mwalimu" kwa ile sauti ambayo kila mwalimu anaijua. Maana yake ni hapana.

Nikaona nilete mizani. Mwenye duka letu la mtaani alikuwa ameenda msibani, kijana wake akanipa bila maneno ile ya vitanga viwili, na mawe yake yote. Nikabeba begani mpaka shule, najiona mtaalamu.

Vifaa: pakiti mbili za unga za kilo mojamoja, nimezifunika gazeti ili ziitwe x. Kitanga cha kulia, pakiti mbili. Cha kushoto, jiwe la kilo 2. Ubaoni nikaandika 2x = 2. "Sasa mtaona," nikasema, "pande zote zitatulia sawasawa."

Kulia kukashuka puu.

Nikakohoa. Nikasema labda kiwandani walizidisha unga. (Lini umesikia kiwanda kimezidisha unga?) Nikabadilisha pakiti, kukashuka vilevile. Nikaondoa kila kitu nianze upya, na mizani ikabaki imeinama kulia, mitupu. Hapo ndipo nikakumbuka kuwa pale dukani sijawahi kuiona mitupu. Siku zote kuna kijiwe kimekaa upande wa kushoto, eti kimesahauliwa, na mwenye duka hukiondoa akianza kupima.

"Mwalimu," akasema binti mmoja wa dawati la mbele, "huku hakuna kitu na huku hakuna kitu, mbona si sawasawa?"

Robert Recorde wa Wales, aliyeanzisha alama ya = mwaka 1557, alichora vistari viwili sambamba kwa kuwa aliona hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hivyo. Hakuwahi kununua sukari mtaani kwetu.

Binti hakungoja jibu. Akachuchumaa, akapitisha mkono chini ya kitanga, akavuta. Ta! Akatoka na sumaku ya spika ya redio, nyeusi, imeganda vumbi la sembe.

"Mwalimu! X hii hapa!"

Miaka yote niliyofundisha sijawahi kupata darasa lililochangamka vile. Tuliipima: jiwe la gramu 100 upande wa pili, mizani ikatulia kama maji mtungini. Wakaandika wenyewe, bila kusukumwa, x + 100 = 1,000. Kwa hiyo ukinunua kilo unapewa gramu 900. Kisha mmoja akauliza, "Na robo?" x + 100 = 250. Gramu 150. Darasa likanyamaza. Mtaani kwetu nani ananunua kilo? Wote ni watu wa robo. Na mimi, ikipita tarehe kumi na tano, ni robo mwenzao.

Nilipanga kuirudisha mizani jioni, kimyakimya, sumaku nimwachie kijana mkononi. Nilisahau kwamba watoto themanini wanafika nyumbani kabla ya mwalimu mmoja mwenye mizani begani. Nafika dukani, kina mama wamejaa, kila mmoja na kifuko chake cha sukari. Mwenye duka karudi msibani, na kwa uso ule ungedhani marehemu ni yeye.

Hakunijibu salamu. Akachukua daftari la madeni, akafungua ukurasa wangu mbele ya watu wote. Ulikuwa mrefu: sukari robo, mchele nusu, sabuni, sukari robo, vocha, maharage nusu, tangu mwezi juzi, bila jumla. Mtajo safi kabisa, na mimi nilikuwa nimeupenda ulivyo. Akalamba ncha ya kalamu, akachora vistari viwili, akaandika 41,300.

Nikamkumbuka tena Recorde. Mwaka mmoja tu baada ya kuitoa alama yake alifia gerezani London, kwa deni.

"Haya, mwalimu," mwenye duka akasema, "hii inaitwaje?"

Nyuma yangu wanafunzi wangu, waliotumwa mafuta ya taa na chumvi, wakaitikia kwa pamoja: "Mlinganyooo!"

Yule binti akapenya katikati ya kanga za kina mama, akalitazama daftari kwa makini.

"Bado, mwalimu," akasema. "Hajatoa sumaku."