Mwangalizi wa Nyuma ya Nguzo

Bado nina kitambulisho shingoni na sikivui mpaka mtu aniombe radhi. Kimeandikwa MWANGALIZI. Mimi! Niliyeamka alfajiri nikapiga pasi shati (upande wa mbele tu, nyuma koti linafunika) nikaenda kuchangia warsha ya haki katika ushirikiano wa kimataifa. Nikakalishwa nyuma ya nguzo.

Warsha mnazijua. Hotuba ya ufunguzi ikala saa mbili. Projekta ikagoma. Mtaalamu wa fedha akatuambia maamuzi makubwa ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake inazo zaidi ya 16. Ikinuna, kikao kimekwisha. Tukaandika. Ukiandika unaonekana umeelewa.

Ndipo yakaja maswali. Nikanyoosha mkono hadi nikalazimika kuuegemeza kwa mwenzake. Mwenyekiti ananitazama kama saa ya ukutani. Mwishowe maikrofoni ikafika.

"Mheshimiwa Profesa," nikakohoa kiheshima, "Umoja wa Mataifa ulianza 1945 na nchi 51. Leo ziko 193. Wenye kura ya turufu, ile ya kuua azimio la Baraza la Usalama kwa "hapana" moja, ni wale wale watano. Tunawavuaje?"

"Swali zuri." Ukisikia hivyo, ujue jibu hakuna. "Mkataba wa Umoja unarekebishika. Theluthi mbili ya wanachama wapitishe, kisha theluthi mbili waridhie."

"Kumbe rahisi!"

"Wakiwemo wote watano."

"Ngoja, Profesa. Nikitaka kumnyang'anya mtu fimbo anayonichapia, lazima kwanza yeye akubali?"

"Kwa lugha ya kisheria, aridhie."

"Na asiporidhia?"

"Mazungumzo yanaendelea."

"Tangu lini?"

"Kikosi kazi kiliundwa 1993."

Waliozaliwa mwaka huo wengine sasa wana vipara! Nikauliza kama hakuna kilichowahi kubadilika. Akachangamka: mwaka 1965 viti vya Baraza la Usalama viliongezwa kutoka 11 hadi 15. Vya kudumu? Aa, vile vya kukaa miaka miwili na kuondoka. Yaani sebule ilipanuliwa, funguo zikabaki mfuko ule ule. Hapo heshima ikanitoka. Nikapaza sauti: Afrika, nchi 54, haina hata kigoda cha kudumu, halafu mnatu—

Maikrofoni ikafa. Haikuharibika, nilimwona kijana akibonyeza.

"Muda wa waangalizi umekwisha," akasema mwenyekiti.

Nikarudi kwenye nguzo yangu. Jirani akaninong'oneza kuwa Baraza la Udhamini, chombo cha Umoja wa Mataifa cha kusimamia maeneo yaliyoandaliwa kujitawala, liliishiwa na kazi 1994, Palau, eneo la mwisho chini yake, lilipojitawala, lakini hadi leo limo kwenye Mkataba na sura yake nzima. Lenyewe halina kazi, lina kiti. Mimi nina hoja, nimepewa nguzo.

Sasa hivi wamenitumia fomu ya tathmini. "Je, ulihisi umeshirikishwa?" Majibu ni mawili: Ndiyo, na Ndiyo Kabisa. Nimeiburuza juu, nimeiburuza chini. Na hii kamba nayo inawasha.