Ukaguzi uanzie mapokezi

Kuna makala inayotaka hoteli za Malindi zikaguliwe namna zinavyokusanya data za wageni, ila haisemi pa kuanzia. Anzeni mapokezi: kila kinachojazwa kwenye fomu kiulizwe kinatakiwa kwa nini, nani anakiona na kinafutwa lini. Kisicho na jibu kiondolewe. Nambari ya pasipoti ina sababu yake. Picha ya kitambulisho iliyopigwa kwa simu ya karani na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp haina, na mara nyingi data huvujia huko kabla ya seva, yaani kompyuta inayohifadhi data za hoteli, kuguswa.

Kamera ya langoni inalinda. Inayoelekea bwawa la kuogelea ina maswali ya kujibu. Kinasa kinachohifadhi video za kamera kipangwe kuzifuta chenyewe, tuseme baada ya siku 30, isipokuwa kipande cha tukio linalochunguzwa. Nywila yake ya kiwandani ibadilishwe jamani, mafundi huiacha vilevile! Kila mfanyakazi apewe akaunti yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka uvujaji wenye hatari ya kudhuru watu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujulikane. Kama wote wanatumia nywila moja na haijulikani nani aliingia, mtamwandikia nini?