Tuache Kumpigia Makofi Mwalimu wa Kimarekani

Kaa ofisi ya walimu saa nne asubuhi, wakati wa chai, uone tunavyompokea kijana wa Kimarekani aliyekuja kufundisha. Anaingia na chupa yake ya maji, vumbi la chaki limemjaa suruali nzima, anasema, "Habari za kazi, walimu?" Basi, shangwe. "Eee, mwalimu! Wewe Kiswahili unakijua kuliko sisi!" Mmoja anampisha kiti, mwingine anamsogezea sahani ya mihogo. Salamu hiyohiyo nimeitoa mimi dakika chache kabla, na hakuna hata aliyeinua kichwa.

Sigombei mihogo. Ninachosema ni kwamba makofi haya yanamnyima mgeni kitu alichokuja kukitafuta.

Wengi wa vijana hawa huja kupitia Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani la watu wa kujitolea, lililoanzishwa na Rais Kennedy mwaka 1961. Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kupokea watu wake, mwaka huohuo, na kundi hilo la kwanza halikuwa la walimu; walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kazi yao barabara. Wa hesabu na sayansi tumekuja kuwazoea baadaye. Kabla ya kukabidhiwa darasa, kijana husomeshwa lugha kama miezi mitatu huku akiishi na familia ya Kitanzania, kisha hupangiwa shule, mara nyingi ya kijijini, kwa miaka miwili. Kwa hiyo asubuhi ni mwalimu, jioni ni mwanafunzi wa mtaa mzima. Huo uanafunzi wa jioni ndio tunaouharibu sisi kwa sifa.

Niliyefanya naye kazi alikuwa wa fizikia. Mambo ya mikono aliyashika upesi mno: kuwasha jiko la mkaa, kupanga ndoo kwenye foleni ya bomba, kufua shuka kwenye beseni bila kumwaga nusu ya maji. Sokoni aliuliza bei ya fungu la nyanya, akavuta maneno na mama muuzaji mpaka apewe nyongeza. Lakini lugha ilikwama. Mwaka wa pili bado alikuwa anasema "mimi ni na njaa" na "kitabu yangu", tena kwa kujiamini kabisa, maana watu wazima wote tulimwelewa, tukatabasamu, tukamwambia safi sana. Aliyemkatiza ni mtoto wa jirani, ambaye hata darasa la kwanza hajaanza.

"Siyo hivyo. Sema nina njaa."

"Mimi nina..."

"Nina njaa. Haya, sema tena."

Mama yake akamkaripia pale pale: "We! Hebu mheshimu mwalimu!" Mtoto akaondoka kanuna, na somo likaishia hapo.

Sasa mgeuzie macho mwalimu mwenzetu wa ajira mpya anayechanganya l na r. Wanafunzi wanamwigiza korido nzima, na walimu tunacheka nao. Mkongomani au Mrundi akizungumza Kiswahili cha kwao, ambacho amekizungumza tangu utotoni, tunamwambia anaiharibu lugha. Mmarekani akizivunja ngeli zote kwa sentensi moja, "anajitahidi". Tusijidanganye kwamba huu ni ukarimu. Ukarimu haubagui rangi wala pasipoti.

Darasani mambo yanageuka, na hapo ndipo penye uhondo. Mtoto wa kidato cha kwanza ametoka kusoma miaka saba kwa Kiswahili. Leo anaambiwa msukumo na mgandamizo kwa Kiingereza, tena cha Marekani, kinachomeza nusu ya herufi. Mwalimu anauliza kama wameelewa. Darasa zima: "Yes, sir!" Anafuta ubao, anaendelea. Likija jaribio, karatasi zinajaa wino mwekundu.

Siku moja yule wa fizikia alinifuata amekasirika, akasema wanafunzi wanamdanganya. Nikamwambia hawakudanganyi, wanakuheshimu. Ni heshima ileile unayopewa ofisini wakati wa chai. Akatulia kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo Kiswahili changu ni kibovu?"

Nikamwambia ndiyo.

Alinuna siku nzima. Kesho yake akaja na daftari, akataka nimwandikie yote anayokosea. Ndani ya muhula mmoja alisogea kuliko mwaka mzima uliotangulia, na kuna jambo sikulitarajia: aliacha kuuliza darasa kama limeelewa. Akawa anamwita mmoja ubaoni, anampa chaki, anamwambia aeleze, hata kwa Kiswahili, kisha wanalipeleka wazo kwenye Kiingereza kwa pamoja.

Wanaokwenda Zanzibar kusoma Kiswahili SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwenye taasisi iliyorithi kazi ya TAKILUKI, ile Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, wana nafuu, kwa sababu yupo anayelipwa kuwasahihisha. Huku vijijini mshahara huo haupo, tupo sisi tu. Na ukitaka kujua upande wa pili ukoje, waulize vijana wetu wanaokwenda vyuo vya Marekani kwa mpango wa Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, wakifundisha Kiswahili na kusoma hapohapo. Hakuna anayesimama kuwashangilia kwa kusema "good morning". Insha zao zinarudi na alama za kusahihishwa kama za kila mtu.

Sasa hivi tunaye mwingine, dada wa kemia. Nilimwambia mapema kwamba kwangu hatapata makofi, atapata masahihisho, hata mbele ya watu. Amekubali kwa sharti moja: na yeye anisahihishe Kiingereza changu ninapofundisha kidato cha pili. Hilo bado tunajadiliana.