Mangi kajisoma

Leo nimenyimwa robo ya sukari kwa sababu ya fasihi.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri, watoto wa chumba cha pili hawajaanza yao. Zubeda wa hadithi yangu nimemfikisha pabaya: kashika kitasa, nje mtu anapumua. Yuniti zikaisha. Kompyuta yenyewe bila waya ni sinia tu. Basi, nikasema ninywe chai. Sukari hakuna. Nikaenda dukani.

"Mangi, niandikie robo."

"Kakope kwa yule uliyemwandika."

Kumbe kasoma sehemu ya kumi na nne ya hadithi! Naiuza shilingi 500 kwa wasapu, na Mangi hajawahi kunilipa. Ananunua mmoja, anairusha magrupu yote ya mtaa. Humo yumo muuza duka anayeegemeza dole gumba kwenye mzani.

"Si wewe. Yule ana masharubu."

"Na mimi yangu nimenyoa lini?"

Jumamosi. Nikanyamaza.

"Mkewe Mama Heri. Wangu Mama Baraka. Hapo umebuni nini?"

Nikakohoa, nikajiweka sawa, nikamweleza kwamba mhusika huchotwa hapa na pale, jicho la huyu, kikohozi cha yule.

"Na dole gumba umelichota wapi?"

Wateja wakaanza kujaa. Mama wa vitumbua akauliza kama Zubeda anapona. Nikamwambia hiyo ni sehemu ya kumi na tano, alipie. Akasonya, akaninyang'anya kitumbua nilichokwishakishika.

"Mwenzako Gurnah wa Zanzibar kachukua Nobeli 2021," Mangi akasema. "Wewe umechukua daftari langu kurasa tatu."

"Yule kaandika kwa Kiingereza, anaishi Uingereza!"

"Basi kadaiwe hukohuko."

Kisha akashusha sauti. Muuza duka afungue tawi la pili, na mkewe apunguze mdomo. Nikakataa. Mimi kalamu yangu hainunuliki, nikamwambia, watu wote wanasikia.

"Nusu kilo."

Tawi litakuwa Kimara.

Shemeji naye kanipigia: "Wewe si mwandishi? Niandikie barua ya kuomba kazi." Wasomaji: "Lete mwendelezo, arosto inatuua!" Mchapishaji mmoja kaupenda mswada, ila gharama za kuchapa nilete mimi, jina likue kwanza. Likue wapi? Fundi viatu nani kamwambia ashone bure mpaka jina likue? Miaka tisa naandika, mama yangu bado anawaambia watu natafuta kazi!

Haya. Chai ipo, umeme bado. Nimechukua kalamu, nayo kila mstari inataka kupuliziwa pumzi ya moto kama mgonjwa. Zamani kalamu moja ilikupeleka mpaka mtihani wa darasa la saba, ukaimeza kifuniko, ikaendelea kuandika. Hii nimeinunua juzi. Kwa Mangi.