Kura iliyopishana na wenzake si lazima iwe ya upendeleo

Kuna makala inayodai kwamba mpiga kura wa orodha ya kila wiki ya shirika la habari la Associated Press, inayopanga timu 25 bora za futiboli ya Kimarekani ya vyuo vikuu, akienda mbali na wenzake basi anaibeba timu ya eneo lake. Sikubaliani na kipimo hicho. Wapo wanaoangalia nani amemshinda nani, na wapo wanaokadiria nani angeshinda wakikutana kesho. Hao hawawezi kulingana, hasa Septemba, mechi zikiwa bado chache.

Pointi nazo huficha mengi. Katika kila kura, timu ya kwanza hupata 25, ya mwisho 1, na iliyoachwa nje haipati kitu, iwe mpiga kura aliiona ya 26 au ya 90. Kwa hiyo timu iliyowekwa ya 12 na kila mtu hulingana na ile ambayo nusu wameiweka ya 5 na nusu ya 19, ilhali hii ya pili inabishaniwa vikali.

Msimu wa 2017 wapiga kura wanne waliiweka Central Florida ya kwanza ingawa Alabama ndiyo iliyotwaa ubingwa. Mimi nisingeipigia, lakini haikuwa imeshindwa hata mara moja, na iliishinda Auburn, ambayo yenyewe ilikuwa imeishinda Alabama. Kuwaita hao wanne wapendeleaji ni kuwaonea. Kwa kuwa kura huwekwa hadharani, mwandishi wa makala hiyo angefuatilia jinsi mtu yuleyule anavyoipanga timu ileile wiki baada ya wiki, inaposhinda na inaposhindwa.