Kovu linapoishika neva: kuifunika au kuiacha iteleze?

Wengi wanaopasuliwa kifundo cha mkono ili neva ya kati (mshipa wa fahamu unaopita kifundoni kwenda vidoleni) ipate nafasi hupona: ganzi huisha, usingizi hurudi. Ila wapo wanaorejea baada ya miezi na maumivu yale yale, na daktari akifungua tena anakuta neva imegandana na kovu. Tatizo ni kwamba neva haikai mahali pamoja. Ukikunja na kunyoosha kifundo na vidole, neva hiyo huteleza kiasi cha sentimita 1 au zaidi. Ikishikwa na kovu, kila mjongeo unaivuta na kubana vijishipa vya damu vinavyoilisha.

Ndiyo maana wapo madaktari wanaotaka neva ifunikwe mapema, kwa jeli ya asidi ya hayaluroniki (kitu chenye utelezi), kwa kolajeni (protini ya tishu) ya ng'ombe au kwa utando wa utumbo wa nguruwe. (Huo wa mwisho, mgonjwa Mwislamu aelezwe kabla hajatia saini, ni haki yake.) Hoja yao ina uzito, kwani kufungua mara ya pili ni kazi ya hatari, neva ikiwa imefichika ndani ya kovu.

Hata hivyo, kwa upasuaji wa kwanza sishawishiki. Ushahidi mwingi umetoka kwa panya na sungura, na kwa binadamu mara nyingi ni vikundi vidogo visivyo na wa kulinganishwa nao. Kitu kigeni nacho huweza kuleta uvimbe. Mirija ya silikoni iliyowahi kuwekwa kuzunguka neva ililazimika kutolewa kwa baadhi ya wagonjwa kwa sababu iliibana. Jeli ya ADCON-L, iliyokusudiwa kuzuia kovu baada ya upasuaji wa uti wa mgongo, iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 na kuondolewa sokoni mwaka 2001.

Kwa anayefunguliwa tena, mizani inageuka. Hapo ningechagua kwanza tishu ya mgonjwa mwenyewe: pande la mafuta lenye damu yake, linalotolewa upande wa kidole kidogo kiganjani na kulazwa juu ya neva. Wengine huizungushia vena ya mguuni, ingawa hilo linaongeza kidonda kingine.

Lakini kabla ya yote hayo kuna mambo yasiyouzwa dukani: kushika tishu kwa upole, kuzuia damu isibaki ndani ikageuka kovu, na kuanza kukunja vidole mapema. Baada ya upasuaji wa kawaida wa kifundo, majaribio yaliyolinganisha hayakuonyesha faida ya kuufunga mkono kwa banzi. Daktari mpasuaji Hanno Millesi wa Vienna alisisitiza pia kwamba neva iliyokatika isishonwe kwa kuvutwa, kwa kuwa mvutano huzaa kovu. Bora kupandikiza kipande cha neva nyingine.

Na neva iliyoshonwa hutulizwa kwa takribani wiki 3, isije ikachanika. Kwa kuwa mjongeo umezuiwa katika wiki hizo, ndipo hoja ya kuifunika inapokuwa na nguvu zaidi, na huko ndiko majaribio mazuri kwa binadamu yanakohitajika kwanza.