"cc 1300 tu, bosi, kama Vitz!"

Jamani, hii Mazda RX-8 inatutesa. Kila dalali aliye nayo ana wimbo mmoja: "cc 1300 tu, bosi, kama Vitz!" Kadi kweli inasoma 1308. Ambacho kadi haisemi ni kwamba hizo cc zimegawanywa kwenye rota mbili za 654 kila moja (rota ni kipande cha pembetatu kinachozunguka ndani ya injini), pistoni hakuna, valvu hakuna, na ukipata kilomita 7 kwa lita mjini upige goti ushukuru. Vitz inakunywa. Hii inaoga.

Eti wanaiita kupe, yaani gari la michezo la milango miwili! Kupe gani ina milango minne, miwili ya nyuma inafungukia kinyume kama kabati la vyombo?

Muulize ya mwaka gani. "2008!" Anajibu haraka, na huo ndio mwaka wa mtego. Gari hili lilianza 2003 likaisha 2012, na Machi 2008 ndipo Japani walipolibadilisha. Kwa hiyo 2008 ya Januari na 2008 ya Juni ni watoto wa mama mmoja, baba mbalimbali. Na huenda anakutajia mwaka wa kusajiliwa, siyo wa kutoka kiwandani.

Tofauti yenyewe iko kwenye oili. Rota ina ncha tatu, kila ncha ina sili inayosugua ukuta wa injini, na sili hiyo inalainishwa kwa oili inayopulizwa mle ndani makusudi, ikaungua pamoja na petroli. Za mwanzo zilipewa nozeli mbili kwa kila rota. Za baada ya mabadiliko zikaongezewa ya tatu katikati, pamoja na pampu za umeme. Ndiyo maana lita moja ya oili kwa kila kilomita 1,500 au 2,000 siyo ugonjwa. Isiyopunguza oili kabisa ndiyo ya kuogopa. Na fundi anayejisifu kwamba ameitibu "kula oili", mnyang'anye funguo.

Zile za miaka ya mwanzo zina kituko kingine: stata dhaifu. Uitoe getini ikiwa baridi, uisogeze kivulini, uizime. Basi, plagi zimelowa petroli, haiwaki tena, majirani wanachungulia. Kanyaga mafuta mpaka sakafuni huku unapiga stata kwa sekunde kadhaa. Hapo petroli inakatwa na plagi zinapumua. Ikigoma, zifungue zote nne ukazikaushe. Ukizirudisha usichanganye, mbili za juu na mbili za chini siyo za aina moja.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni bahili wa koili, zile zinazozipa plagi umeme wa cheche. Ziko nne, zinakufa polepole bila kuaga. Koili ikichoka, petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, masega yanayeyuka yanaziba, joto linarudi nyuma kwenye injini, sili zinakwenda na maji. Mtu kakwepa kununua koili, sasa anatafuta injini! Mshale wa joto nao ni mnafiki: unakaa katikati umetulia, ukija kupanda ujue msiba ulishaanza.

Kwa hiyo ndiyo, za baada ya Machi 2008 ni afadhali. Ila ya 2004 iliyofungwa sili mpya, yenye koili mpya na risiti zake, mimi naichukua kabla ya 2009 iliyochoka. Kinachoamua ni kompresheni, yaani nguvu ya injini kukandamiza hewa. Geji ya kawaida ya gereji itakudanganya, kwa sababu rota ina pande tatu na geji inashika ule mmoja wenye nguvu tu. Inatakiwa ile ya rota, inayosoma pande zote tatu injini ikiwa ya moto, hesabu ikiwekwa kwenye mizunguko 250 kwa dakika. Nzima inacheza karibu na kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba; ikisoma chini ya 6.9, hiyo ni maiti inayotembea.

Huna geji hiyo? Izungushe mtaani dakika ishirini ipate moto, kisha mwambie dalali aizime na kuiwasha tena. Iliyochoka huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, ikishapata moto inazungusha stata tu. Dalali analijua hilo, ndiyo maana ataanza: "Bosi, tusiizime, tunapoteza muda." Mwambie azime. Halafu bei mtaizungumza vizuri tu, wote wawili mkiwa mnasukuma.